Hadubini ya mtumba na amiba wa msitu wa Kakamega

Hadubini hii ya macho mawili niliinunua Kisumu, katika duka la vifaa vya maabara, kwa shilingi 42,000, na kwa miezi saba nimeitumia kwa kazi moja tu: kumsaidia mtafiti mwenye kibali kuchunguza amiba wenye gamba, viumbe vidogo vya seli moja, wanaoishi katika udongo wa msitu wa Kakamega. Nitaipima kwa kazi hiyo, maana kwa masomo ya shule ya upili sina shaka kwamba inafaa.

Magamba mengi ya amiba hawa yana urefu wa kati ya mikromita 20 na 200, na milimita moja ina mikromita 1,000. Tunalowesha majani yaliyooza, tunatikisa, tunachuja kwa chujio la chai, kisha tone moja linawekwa juu ya kioo. Kwa ukuzaji wa jumla wa mara 400, Euglypha, mmoja wa amiba hao, alinitokea wazi kabisa: gamba mfano wa chupa, limeezekwa vigae vya silika vilivyopandiana kama vya paa, ambavyo amiba huviunda mwenyewe ndani ya mwili wake. Difflugia hana ufundi huo. Yeye hubandika chembe za mchanga. Nebela naye, kwa kweli, ni mporaji, kwani hujengea vigae vya amiba wadogo aliowala.

Kasoro kubwa ni meza ya kuwekea kioo, ambayo hushuka yenyewe polepole, hivi kwamba ukiinama kuandika kipimo na kurudi, gamba limekwisha kufifia. Niliporudi dukani, muuzaji aliniambia, "Mwalimu, mali ya mtumba hairudishwi," ingawa alikubali kukaza skrubu moja. Haikusaidia sana. Taa, kwa upande wake, haijanisumbua hata siku moja, na mistari midogo ya kupimia iliyochorwa ndani ya lenzi ya jicho ilisoma sawasawa tulipoilinganisha na kioo chenye vipimo vinavyojulikana.

Hata hivyo, mtu asiinunue akidhani itamwezesha peke yake kutangaza spishi mpya. Kupima urefu, upana na mdomo wa magamba mengi, ili kujua tofauti za kawaida ndani ya spishi moja, inaweza. Kuhesabu meno ya vigae vinavyozunguka mdomo wa Euglypha inaweza pia, ila kwa lenzi ya mafuta, ile inayogusa tone la mafuta juu ya kioo, na subira. Lakini mwanga wa kawaida hautenganishi vizuri vitu vilivyokaribiana chini ya takriban mikromita 0.2, kwa hiyo umbo kamili la meno hayo na mpangilio wa vigae huhitaji hadubini ya elektroni, inayotumia elektroni badala ya mwanga. Siku hizi watafiti wengi huongeza pia uchunguzi wa DNA, kwa kuwa magamba yanayofanana huweza kuficha spishi tofauti. Baada ya hapo bado kuna kuhifadhi kielelezo rasmi, yaani gamba ambalo spishi inaelezwa kwalo, na kuchapisha maelezo pamoja na jina la kisayansi.

Anayetaka kununua ya aina hii aende na kioo chake, alenge kitu kwa lenzi kubwa, kisha aiache dakika kumi bila kuigusa kabla ya kutoa pesa. Mimi sikufanya hivyo. Gamba letu la kumi na nne, ambalo meno yake hayalingani na maelezo yoyote tuliyo nayo, limo ndani ya tone la gliserini likisubiri zamu ya hadubini ya elektroni.