Kadi za Pokémon kwa Mnunuzi wa Arusha: Kipi Kianze, Kipi Kisubiri

Mzazi wa Arusha anayeombwa na mwanawe kadi za Pokémon hukuta bidhaa nyingi zenye jina moja, na kosa la kawaida ni kuchukua ile ndogo ya bei nafuu, yaani pakiti moja ya kadi kumi, akidhani amenunua mchezo. Hajaununua. Mchezo huu, uliotoka kwa mara ya kwanza Japani mwaka 1996, unamtaka kila mchezaji awe na seti yake ya kadi 60, ambamo kadi za jina moja hazizidi nne, isipokuwa kadi za nishati ya msingi, zinazowapa viumbe nguvu ya kushambulia, ambazo hazina kikomo. Kila mmoja huanza na kadi saba mkononi, huweka kadi ya kiumbe mmoja, yaani Pokémon, mbele na wengine wasiozidi watano kwenye benchi, kisha hutenga kadi sita za zawadi zikiwa zimefunikwa. Kwa zamu moja unaruhusiwa kumwekea kiumbe nishati moja tu kutoka mkononi. Ukimwangusha kiumbe wa kawaida wa mwenzako unachukua zawadi moja, na anayezimaliza zake sita kwanza ameshinda. Waliozoea karata za albastini watauliza turufu iko wapi. Haipo, ila kuna udhaifu wa aina: kiumbe wa moto ambaye kadi yake inaonyesha udhaifu wa maji, akipigwa na wa maji, huumia maradufu.

Kwa kuzingatia kanuni hizo, nafasi ya kwanza naipa Battle Academy bila kusita. Ndani ya boksi lake kuna seti tatu zilizokamilika, ubao unaoonyesha kila kadi ikae wapi, na maelekezo yanayowaongoza wachezaji katika pambano la kwanza hatua kwa hatua. Maandishi ni ya Kiingereza, kwa hiyo kaka au dada mkubwa asome siku ya kwanza. Kama una ndugu anayekuja kutoka nje, au mtu anayepita Namanga akitokea Nairobi, hiki ndicho cha kumwagiza.

Ya pili ni League Battle Deck, ambayo ni seti moja ya kadi 60 yenye nguvu kuliko zile za kujifunzia. Nunua mbili, la sivyo mtoto atakuwa na jeshi lisilo na adui. Kadi za kuchagua moja moja nazipa nafasi ya tatu, kwa kuwa zinamfaa yule ambaye tayari ana seti na anajua pengo lake liko wapi.

Pakiti zinakuja nafasi ya nne, na hapa najua watoto watanipinga. Pakiti ni bahati nasibu. Hata ukinunua sita ukafikisha kadi 60, hujapata seti ya kuchezea, kwa sababu unaweza kumpata Charizard bila Charmander, yule mdogo anayekua hadi kuwa Charizard, na kwa kanuni za kawaida Charizard wa hatua ya pili hashuki mezani mpaka Charmander awe ametangulia.

Mkiani kabisa ziko kadi bandia. Niliwahi kununua boksi la kadi 55 za rangi ya dhahabu kwenye meza moja karibu na stendi ya Moshi. Zilimeta kweli, lakini tulipoketi kucheza hatukukuta hata kadi moja ya nishati, hivyo hakuna kiumbe aliyeweza kushambulia. Kabla ya kulipa, iwashe tochi ya simu nyuma ya kadi: halisi ina tabaka jeusi katikati linalozuia mwanga, ilhali nyingi za bandia hupitisha mwanga kwa urahisi. Tazama pia kama alama ya lafudhi juu ya herufi ya e katika neno Pokémon ipo, kwani wachapaji wa bandia huisahau mara nyingi.

Ukibaki na fedha kidogo, nunua mifuko ya plastiki ya kuvalisha kadi, inayotosha kipimo cha milimita 63 kwa 88. Vumbi la kiangazi hukwaruza migongo ya kadi upesi, na kadi yenye mkwaruzo mgongoni hutambulika hata ikiwa imefunikwa, jambo ambalo mpinzani wako ana haki ya kulilalamikia.