Mthamini wa bastola za kale, Nakuru: nyota nne kati ya tano

Mzee huyu hapendi jina lake lizunguke mtandaoni, na kwa kazi anayoifanya namwelewa, kwa hiyo nitamwita Mthamini tu. Ukiuliza kwa wauza silaha wenye leseni hapa mjini watakuelekeza kwake.

Mimi ni karani wa wakili. Kwenye kesi za mirathi kazi yangu ni kuorodhesha mali ya marehemu na kuitafutia bei: shamba, mifugo, trekta, hisa, na mara mojamoja kitu ambacho hakuna mtu ofisini anayejua pa kukishika. Safari hii kilikuwa bastola ya Kijerumani.

Marehemu alikuwa mkulima wa upande wa Subukia. Baada ya uhuru alinunua shamba kwa mzungu aliyekuwa anahama, akanunua na vitu vya nyumba, na bastola nayo ikafuata, kwa cheti halali. Alipofariki familia yake ilifanya la maana, haikuiacha kabatini. Cheti cha silaha ni cha mtu mmoja, hakirithiwi, kwa hiyo polisi walijulishwa na bastola ikawekwa kwa muuzaji mwenye leseni. Ikabaki bei. Kifungua mimba wa marehemu alishapekua mtandao, akaja ofisini na hesabu ya mamilioni. Alisema hiyo ni Luger ya afisa wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki kwenye Vita Kuu ya Kwanza, ilitekwa vitani, na babu wa yule mzungu ndiye aliyeiteka.

Tusimcheke. Wajerumani waliingia Kisii kweli, Septemba 1914, na huku kwetu vitu vya vita vile bado vinasimuliwa. Mthamini naye hakumbishia. Alimwambia, "Hadithi tuiweke pembeni kwanza, kijana wangu. Tusome chuma."

Tulikutana chumba cha nyuma cha duka la silaha, kwa sababu Mthamini hagusi bastola mpaka mwenye leseni awepo, aitoe magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, na kuonyesha kila mtu kwamba ndani hamna risasi. Hilo pekee lilinifanya nimwamini. Niliwahi kufanya kazi na mwingine, simtaji, aliyetaka atumiwe picha kwa WhatsApp na kurudisha bei jioni hiyo hiyo. Huyu alitandika kitambaa cha flana, akatoa lenzi ya fundi wa saa na tochi ndogo. Hakutia mafuta, hakufuta hata vumbi.

Luger ina kiungo juu yake kinachokunjika kama goti kila risasi inapotoka. Kwenye kiungo hicho kulikuwa na herufi tatu zilizosukwa pamoja, DWM, yaani Deutsche Waffen- und Munitionsfabriken, kiwanda cha Berlin. Ingekuwa ya kiwanda cha serikali cha Erfurt, alisema, tungeona taji na neno ERFURT. Ingekuwa ya Mauser, walioanza kuitengeneza Luger 1930, kungekuwa na neno Mauser lenyewe au alama za kuficha kiwanda kama S/42, na baadaye byf. Kisha akashuka kidogo mpaka juu ya chemba ya risasi, akampa kijana lenzi asome mwenyewe.

1917.

Hapo ndipo nilipoona pesa yetu inafanya kazi. Mthamini alieleza taratibu, bila kejeli. Jeshi la Lettow lilikuwa limezibiwa bahari na Waingereza. Meli mbili tu ndizo zilizopenya na shehena, Rubens mwaka 1915 na Marie mwaka 1916. Novemba 1917 Wajerumani walirusha chombo cha angani cha gesi, L 59, kutoka Bulgaria kiwapelekee dawa na risasi, nacho kiligeuzwa juu ya Sudan, hakikufika. "Sasa bastola iliyopigwa mhuri Berlin 1917 ilimfikiaje afisa wake porini?"

Kijana alisema pengine tarehe iligongwa baadaye. Swali zuri, kwa kweli, kwa sababu zipo Luger zenye tarehe mbili: jeshi la Ujerumani lilizigonga 1920 baada ya vita kuonyesha ni mali ya serikali. Hii haikuwa na 1920. Ilichokuwa nacho, upande ambao hakuna aliyewahi kuuangalia vizuri, ni mstari wa Kiingereza wenye herufi ndogo mno: NOT ENGLISH MAKE. Huo ni mhuri wa wakaguzi wa silaha wa Uingereza, uliotumika kati ya 1925 na 1955 kwa silaha za kigeni zilizouzwa kule. Kumbe bastola ilipita kwenye biashara ya Uingereza kwanza, ndipo ikaja na mlowezi kwenye mizigo yake. Mihuri hiyo miwili midogo iliifuta hadithi iliyoishi kwenye familia mbili, nyeupe na nyeusi, na nadhani hata yule mzungu aliiuza akiiamini.

Baada ya hapo zikaja namba, na hapa ndipo bei ilipoporomoka. Namba kamili iko kwenye mwili wa bastola, tarakimu nne na herufi ndogo chini yake. Watu wengi wakiona namba fupi wanadhani wamepata ya kwanza kutengenezwa. Sivyo. Kwa bastola za jeshi hesabu ilianza upya kila mwaka, na kila ilipofika elfu kumi iliongezwa herufi, kwa hiyo namba bila mwaka na herufi yake haina maana. Tarakimu mbili za mwisho hugongwa kwenye vipande vidogo, na kwa bastola ya jeshi zinaonekana bila kuifungua. Yetu ilikuwa 87: pleti ya kando 87, kifyatulio 87, kifungio cha usalama 87, kipande cha kati cha kiungo 12. Magazini yake ilikuwa na kitako cha mbao, cha enzi hizo kabisa, lakini namba ilikuwa ya bastola nyingine. Kipande kimoja tu cha mwili kikiwa cha kuazima, alisema, mkusanyaji anaweza kukata nusu ya bei.

Chini ya mtutu kulikuwa na 8,82, mkato ukiwa mahali pa nukta kama wanavyoandika Wajerumani. Kijana alidhani ndio ukubwa wa risasi, tena wa nadra. Ni kipenyo cha ndani ya mtutu kwa milimita, kipimo cha kiwandani. Risasi ni ileile ya milimita 9.

La mwisho alilionyesha bila lenzi. Bastola yote ilikuwa bluu-nyeusi, inang'aa, na mimi nilidhani hiyo ndiyo sifa yake. Aliweka tochi kwenye kifyatulio. Kwa Luger ya 1917 kifyatulio, kifungio cha usalama na kitufe cha magazini huwa na rangi ya manjano ya majani makavu. Hapa vyote vilikuwa bluu. Halafu akalaza mwanga ubavuni, juu ya mataji madogo ya wakaguzi wa jeshi: kingo za mihuri zilikuwa zimelainika, taji moja limebaki nusu. Kuna mtu aliisugua na kuitia rangi upya ili ipendeze. Bei ya mkusanyaji ilisafishwa pamoja na kutu.

Hesabu aliyoandika mwishowe haikufika hata robo ya ile ya kijana.

Nyota niliyoipunguza ni ya karatasi. Ripoti ilichelewa mpaka wakili akaanza kuniuliza mimi, na Mthamini simu ya mchana hapokei. Ilipokuja ilikuwa ya Kiingereza kitupu, imejaa vifupisho vya Kijerumani, nikakaa na mjane wa marehemu kumfafanulia ukurasa kwa ukurasa. Aliniacha nimalize, akauliza, "Inatosha ng'ombe mmoja wa maziwa au haitoshi?" Ilitosha, na chenji. Kosa kubwa zaidi ni kwamba toleo la kwanza lilitumia bei za minada ya nje, kwa dola. Wanunuzi wa hapa ni wachache, kila mmoja lazima awe na idhini ya kumiliki, na mahakama inataka bei ya hapa. Niliirudisha, akaandika upya bila kudai senti.

Ada yake ni shilingi 7,500, nauli mbali. Kwa pikipiki kuukuu ni ghali. Kwa kitu ambacho ndugu wanne walikuwa tayari kushtakiana kwa ajili yake, hapana.

Mambo ya kujua kabla ya kumpigia: piga asubuhi. Beba cheti halisi cha marehemu, picha hakubali, na wewe usijaribu. Kama chuma ulichonacho hakina karatasi, hatakitazama, atakwambia ukipeleke kwa polisi. Na usikisafishe. Kijana wetu alikuwa ameshanunua msasa.