Park Hyatt Zanzibar: omba chumba upande wa Mambo Msiige

Kama unaenda Unguja na umejipanga kifedha, hii hoteli ya Shangani naipa nyota tano, na sababu yangu sio bwawa wala upepo wa bahari, ni lile jumba la kale lenyewe, Mambo Msiige. Watu wengi wanaingia, wanapiga selfi, wanaondoka, hata hawajui wamepita ndani ya nyumba ya katikati ya karne ya 19.

Na imepita mikono mingi hiyo nyumba jamani. Aliijenga tajiri wa Kiarabu, na wazee wa Mji Mkongwe wanasimulia kwamba chokaa yake ilichanganywa na mayai kwa maelfu ili ishike. Baadae wakakaa wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, ikawa ubalozi mdogo wa Uingereza, vita vya kwanza vya dunia vilipoisha ikawa hospitali ya Wazungu, halafu ofisi za serikali miaka na miaka, mpaka 2015 hoteli ikafunguliwa.

Ukifika usikimbilie baharini. Simama kwenye dirisha la upande wa zamani uangalie kina cha ukuta, ni mawe ya matumbawe na chokaa, mnene kwelikweli, ndo maana nyumba za hivi zilikaa na ubaridi kabla hata ya feni. Na ukizunguka nyumba za kale za mjini utaona vyumba vingi ni virefu halafu vyembamba, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, sasa boriti ikiishia hapo na chumba kinaishia hapohapo. Mafundi wale walikuwa na akili sana.

Jengo jipya la pembeni, nalo la hoteli hiyohiyo, ndo halinigusi. Zuri, safi, ila ni kubwa mno kwa pale, na sio mimi tu, Mji Mkongwe uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000 na UNESCO walionyesha wasiwasi juu ya ukubwa wake. Hata hivyo bora jumba linaloishi na kupakwa chokaa kuliko yale yanayobomoka kila masika, na yako mengi tu mitaa ya ndani.

Kwa hiyo ukibuku waambie kabisa unataka chumba cha jengo la zamani, viko vichache, wahi. Kama bajeti hairuhusi kulala, kanywe chai tu halafu waombe wakutembeze upande ule.