Mchana kweupe flashi inaruka: uzoefu wangu na modi za otomatiki

Nianze na lililonikera, maana mengine yanaweza kusubiri. Kamera ni ya kubadilisha lenzi, ya ngazi ya chini kabisa kati ya za aina yake, na gurudumu la modi liko juu upande wa kulia: kijani (otomatiki kamili), kichwa cha mwanamke (picha ya mtu), mlima (mandhari), ua (vitu vya karibu), mtu anayekimbia (michezo), mtu na nyota (mtu usiku), na SCN, yenye orodha ya modi nyingine. Weka kwenye kichwa. Msimamishe mtu ufukweni Jambiani saa tatu asubuhi, jua liko nyuma yake, mchanga mweupe, bahari inameta. Bonyeza kitufe nusu. Tak! Flashi imeruka yenyewe, na picha imeshaharibika kabla haijapigwa.

Msinunue kamera hii kwa ajili ya modi zake. Nasema hivyo nikiwa na hasira, na huenda huko chini nikalegeza, lakini kwanza sababu ya hasira ieleweke.

Hesabu yake ni hii. Bila flashi, lenzi ya kawaida ya milimita 18-55 ikivutwa mpaka 55, tundu la lenzi f/5.6 (namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), ISO, yaani wepesi wa kihisi kwa mwanga, ikiwa chini kabisa kwenye 100, jua la pwani linataka shata ya 1/800 ya sekunde hivi. Tundu likiwa wazi hivyo, minazi na ngalawa za nyuma zinafifia kidogo na uso unajitokeza. Hiyo ndiyo kazi ya modi ya kichwa, haina nyingine. Sasa flashi ikiamka, shata haiwezi kupita 1/200, kwa sababu juu ya kasi hiyo pazia la kamera haliwi wazi lote kwa wakati mmoja, na sehemu ya picha ingetoka nyeusi. Kutoka 1/800 kushuka 1/200, mwanga unaoingia umekuwa mara nne. ISO haina pa kushukia. Kilichobaki ni kubana tundu, na kamera inalibana kutoka f/5.6 mpaka f/11. Kwa f/11 kila mnazi nyuma unaonekana wazi, kila kamba ya ngalawa inapita kichwani mwa mtu. Umechagua modi ya kufifisha nyuma, ukapewa modi ya mlima.

Na flashi yenyewe inafika wapi? Hizi taa ndogo za kujengewa zina namba ya nguvu kama 12 kwa ISO 100. Gawa 12 kwa 11, unapata mita moja na kidogo. Mtu wa kupigwa nusu mwili kwa milimita 55 anasimama kama mita mbili na nusu mbele yako. Kwa umbali huo mwanga wa flashi unaomfikia hautimii hata robo ya unaotakiwa. Yaani taa imekunyang'anya nyuma iliyofifia, imekula betri, imekusubirisha ijichaji upya, na uso bado uko gizani. Ni hasara tupu.

Kuizima inawezekana. Unaingia kwenye menyu ya haraka, unatafuta alama ya umeme, unachagua iliyokatwa mstari. Ukizungusha gurudumu kwenda modi nyingine na kurudi, imefuta ulichochagua. Tak! Tena. Kitufe cha +/- cha kuongeza mwanga, ambacho ndicho kingeokoa uso, kimefungwa. Kioo kinaandika kwamba hakipatikani katika modi hii. Faili ghafi nazo hakuna, ni JPEG tu, kwa hiyo hata baadaye kwenye kompyuta huna pa kuuvutia uso kutoka kwenye kiza. Nilipomuuliza muuzaji kama kuna njia ya kuizima moja kwa moja, hakuinua hata macho. "Weka kijani, kaka. Kamera inajua kuliko wewe." Haijui. Na yeye hakuwahi kuitoa nje ya duka.

Dawa ni kuhama gurudumu lote. Weka A (kwa kamera nyingine imeandikwa Av), ambako tundu unalichagua mwenyewe na kamera inachagua shata, f/5.6, ISO 100, kisha ongeza +1 mpaka +1.7 uso ukiwa upande wa kivuli. Hapo flashi hairuki mpaka uibonyeze mwenyewe. Anga litaungua, liache liungue, umempiga mtu, hukupiga anga. Na ukiwa kwenye mchanga mweupe, mwambie akae chini au achuchumae. Mchanga unarudisha mwanga kutoka chini na kujaza kidevu na macho vizuri kuliko ile taa ya juu, ambayo kwa karibu inaacha paji la uso likimeta kama limepakwa mafuta.

Lakini si flashi peke yake. Nikajaribu modi zote kwa mtu yuleyule, mahali palepale: mwanamume mwenye ngozi nyeusi, kanzu nyeupe, mbele ya ukuta wa chokaa Mji Mkongwe, jua likimwangaza. Kijani: shata 1/1000 kwa f/8, kanzu imekuwa ya kijivu, ukuta wa kijivu, uso hauna macho. Mlima: yaleyale, isipokuwa anga limeongezewa bluu na flashi haikuthubutu. Kisha mwanamke wa rangi ileile ya ngozi, amevaa buibui, amesimama mbele ya mlango wa mbao kuukuu. Kijani: buibui limekuwa kama majivu, na uso umepauka kiasi kwamba ungedhani ni wa mtu mwingine. Sababu ni moja kwa zote mbili. Kipima mwanga hakijui kanzu wala buibui. Kinachukua wastani wa kilicho mbele yake na kuusogeza kwenye kijivu cha kati. Nyeupe nyingi, kinapunguza. Nyeusi nyingi, kinaongeza. Na uso unaburutwa kokote nguo inakokwenda. Kwa kanzu ongeza stopu moja (yaani mwanga maradufu) hadi moja na theluthi mbili. Kwa buibui punguza theluthi mbili hadi moja. Wakikaa pamoja kwenye picha moja, pima usoni kwa kipimo cha doa, kinachopima sehemu ndogo tu ya picha, na usiangalie nguo kabisa.

Hili linaniuma zaidi ya flashi, kwa sababu si jipya. Enzi za filamu, kadi za Kodak za kusawazishia rangi kwenye maabara zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe, na kilichomfaa yeye ndicho kilichoitwa sahihi. Google walipotoa Pixel 6 mwaka 2021 waliifanya rangi ya ngozi za watu kama sisi kuwa sehemu ya kazi ya kamera ya simu, kwa kutaja jina. Simu! Na hapa nina chombo chenye kihisi kikubwa mara kadhaa kuliko cha simu, kinachotambua kuwa mbele yake kuna uso, kinauzungushia kisanduku cha njano, halafu kinauzamisha gizani kwa sababu ya kanzu. Kama umeuona uso, kwa nini umepima ukuta?

Sasa hapa ndipo ninapolazimika kurudi nyuma kidogo. Ndani ya SCN, mwisho kabisa wa orodha ambako hakuna anayefika, kuna modi ya ufukwe na theluji. Nikaiweka kwa yule wa kanzu. Shata ikashuka mpaka 1/500 kwa f/8 ileile. Kanzu ikawa nyeupe, nyuzi za darizi kifuani zikabaki, uso ukawa na umbo, macho yakaonekana. Modi hii kazi yake ni moja, kuambiwa mapema kwamba weupe ulioko mbele ni weupe kweli, basi inaongeza kama stopu moja bila kukuuliza. Ni kile kitufe cha +/- walichokufungia, kimefichwa chini ya picha ya mnazi. Kwa harusi ya mchana, bwana harusi na wapambe wote wakiwa kwenye kanzu, anayeogopa kugusa A aiweke hiyo na asahau kijani. Ndani ya ukumbi wenye kuta nyeupe pia inafaa, mradi mwanga wa dirishani upo. Usiku usiitumie.

Ya machweo nayo nimeikubali. Ukipiga jahazi linarudi Forodhani jua likizama kwa kijani, mizani ya rangi ya otomatiki inaona uchungwa mwingi, inadhani ni kosa la taa, inausafisha. Unabaki na jua la rangi ya maziwa. Modi ya machweo inashikilia mizani kwenye jua la mchana, inapunguza mwanga kidogo, na rangi inabaki kama ilivyokuwa. Nimeitumia hata kwa vibatari na mishumaa, ikatoa kile kitu cha dhahabu ambacho kijani hukipausha kila mara.

Mkimbiaji ndiye mwaminifu kuliko wote. Shata juu, 1/1000 mwanga ukiruhusu, fokasi inamfuata mchezaji badala ya kufunga mara moja, picha zinatoka mfululizo ukikandamiza, na flashi haina ruhusa. Kwa mpira wa ufukweni jioni inatosha kabisa. Inashindwa ukumbini: kwa tundu la f/5.6 inapandisha ISO mpaka 6400, na chenga zinajaa hata kwenye nywele. Hilo ni kosa la lenzi, si la modi. Funga lenzi ya 50 f/1.8 na mkimbiaji yuleyule anarudi kuwa mzuri.

Ua linadanganya watu wengi, kwa hiyo niseme wazi: halileti lenzi karibu. Lenzi ya 18-55 inafokasi kuanzia sentimita 25 hivi, uweke ua au usiweke. Kamera ikigoma kufyatua kwenye pete au hina ya mkono, rudi nyuma sentimita kadhaa, vuta mpaka 55, jaribu tena. Kwenye kamera ndogo za mfukoni ua hubadilisha kweli umbali wa fokasi. Kwenye hizi za kubadilisha lenzi halina uwezo huo.

Mtu na nyota, yaani picha ya mtu usiku, nimemtukana siku mbili kabla ya kumwelewa. Flashi inawaka, kila mtu anadhani imekwisha, anageuka kuangalia mishikaki, kumbe shata bado iko wazi, nusu sekunde au hata sekunde nzima, ikikusanya taa za nyuma. Matokeo yake ni mtu mwenye vichwa viwili, kimoja kikali, kimoja moshi. Egemeza kamera kwenye ukuta wa bandari au stendi, na waambie watu wasitikisike mpaka wasikie mlio wa pili. Wakisimama hivyo, taa za Forodhani zinaingia zote na nyuso zina mwanga, jambo ambalo kijani hakiwezi, kwani chenyewe hutoa nyuso mbele ya pazia jeusi. Ile ya usiku kwa mkono, inayopiga picha kadhaa haraka na kuzipanga kuwa moja, ni safi kwa majengo na mashua zilizofungwa. Moshi wa majiko unaivuruga, na mtoto anayepita hutokea mara nne.

Basi nilisema msinunue. Kwa ufukwe, machweo na mkimbiaji, na kwa bei ya mtumba, nadhani mnaweza kununua. Nimeitetea mbele ya watu. Halafu nikaizungusha kwenye kichwa tena, uwanjani, jua likiwaka utosini, mtu yuko mita tatu, na nikasikia ule mlio wa kifuniko, na yote niliyoisifia yakanitoka.

Na kwa wale watakaofikiria kama nilivyofikiria: utepe wa fundi umeme juu ya kifuniko cha flashi hausaidii. Kifuniko kinasukuma, kinakwama, kioo kinaandika hitilafu, na kamera inakataa kufyatua mpaka uizime, uubandue utepe na uiwashe upya.