Tovuti ya Nyumba ya Wageni Chake Chake Baada ya Kujengwa Upya: Mapitio ya Huduma

Nyumba yetu ya wageni ipo Chake Chake, kisiwani Pemba, ina vyumba vichache, na sehemu kubwa ya riziki yake hutokana na wageni wanaokuja kuzamia bahari ya Misali, kuangalia popo wa Kidike au kutembea katika msitu wa Ngezi. Mgeni wa Pemba hafanani na yule wa Nungwi au Paje kule Unguja, ambaye anaweza kuteremka uwanja wa ndege na kutafuta chumba papo hapo. Huyu wetu huwa ameshaamua safari yake akiwa bado kwao, kwa kuamini kile alichokiona kwenye simu. Kwa hiyo tovuti kwetu ndiyo mlango wa mbele wa biashara, na nimeona ni haki kuieleza kwa kirefu huduma tuliyoipata kwa vijana wawili wa Mji Mkongwe walioijenga upya tovuti yetu. Wameomba wasitajwe majina kwa kuwa kwa sasa wana kazi nyingi mikononi. Ninachokieleza hapa ni namna walivyofanya kazi, ambayo mwenye biashara yeyote anaweza kuidai kwa fundi wake.

Kilichonivutia tangu mwanzo ni kwamba hawakuanza na rangi wala picha. Binti aliyeongoza kazi aliniambia, "Ami, kabla hatujagusa kitu, tufungulie WhatsApp yako tusome wageni wanauliza nini." Tukakaa, tukasoma mazungumzo ya misimu iliyopita, naye akawa anaandika kila swali kwenye daftari. Maswali yalikuwa yale yale: boti inafunga gati Mkoani au Wete, na kutoka hapo gari ni bei gani, chumba kina feni au kiyoyozi, umeme ukikatika kuna jenereta, mwanamke ajisitiri vipi akipita mjini na akiwa ufukweni Vumawimbi, mwezi wa Ramadhani chakula cha mchana kinapatikana, Misali kunaendeka wakati wa kusi au bahari huwa imechafuka. Tovuti ya zamani haikujibu hata swali moja kati ya hayo. Ilikuwa na salamu ndefu ya kumkaribisha msomaji, picha tatu zinazopishana zenyewe, na aya juu ya historia ya Zanzibar ambayo mtu angeweza kuisoma popote.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ilipo thamani ya huduma hii kuliko mahali pengine popote. Maswali ya daftarini yaligeuzwa kurasa. Upo ukurasa mmoja wa namna ya kufika Pemba, unaoeleza ndege kutoka Unguja na Dar es Salaam, boti, na mwendo wa barabara kutoka Mkoani hadi Chake Chake, ambao ni kiasi cha kilomita 30, pamoja na bei ya gari letu la kupokelea wageni. Upo mwengine wa hali ya bahari kwa miezi, ulioandikwa pamoja na nahodha wetu, ambaye alisema wazi siku zipi hatoki hata akilipwa. Katika ukurasa ule wa namna ya kufika imeelezwa bima ya lazima ya dola 44 ambayo mgeni kutoka nje ya nchi anatakiwa kuilipia anapokuja Zanzibar tangu Oktoba 2024, jambo ambalo wageni wetu wengi walikuwa wakilisikia kwa mara ya kwanza uwanjani na kudhani wanadhulumiwa. Mtu aliyekwishajibiwa haya huandika ujumbe akiwa na tarehe na idadi ya watu, wala haanzi tena kwa kuuliza kama Pemba ni sehemu ya Kenya.

Ukurasa wa mbele umefupishwa mno. Mgeni akiufungua kwenye simu, kabla hajasogeza kidole, anaona jina la nyumba na mahali ilipo, picha ya chumba halisi chenye kitanda cha samadari na chandarua, bei ya chini kwa usiku, na kitufe kimoja cha kutuandikia kwa WhatsApp. Hakuna kitu kinachopepesuka. Mwanzoni nilitaka waweke filamu fupi ya dau likitanda tanga. Walinionesha kwa adabu jinsi mtu mwenye bando dogo, aliyekaa kwenye boti akisubiri mtandao urudi, angeuona mduara unaozunguka tu, kisha akaondoka. Nimekubaliana nao kabisa.

Juu ya kasi inafaa nieleze zaidi, kwa sababu wenye biashara wengi hawalioni jambo hili wenyewe. Wao hufungua tovuti zao ofisini, kwenye kompyuta ambayo imeshazihifadhi. Google inatoa bure chombo kinachoitwa PageSpeed Insights, ambacho mtu huandika anwani ya tovuti yake na kuoneshwa inavyofunguka kwenye simu. Kipimo chake kimoja huangalia muda unaopita mpaka kile kitu kikubwa cha mwanzo kwenye ukurasa kionekane, na kinachohesabiwa kuwa kizuri ni sekunde 2.5 au pungufu. Tovuti yetu ya zamani ilikuwa mbali na hapo, na sababu ilionekana mara moja: picha ya Misali ilipakiwa kama ilivyotoka kwenye kamera, ikiwa na uzito wa megabaiti 6. Vijana waliipunguza upana, wakaigeuza kuwa faili la aina ya WebP, na ikashuka chini ya kilobaiti 200 bila jicho langu kuona tofauti. Picha nyengine zote zilifanyiwa hivyo hivyo, na zile za chini ya ukurasa zikawekwa zisipakuliwe mpaka msomaji azifikie.

Fomu ya maulizo nayo ilifumuliwa. Ya zamani ilimtaka mgeni ajaze jina, ukoo, anwani ya posta, nchi, namba ya simu, namba ya faksi na mengine ambayo hata hoteli kubwa haina haja nayo kabla mtu hajalipa, na juu ya hayo ilikuwa ikipeleka majibu kwenye barua pepe ambayo nenosiri lake halikuwa nasi. Fomu ya sasa inauliza jina, tarehe ya kufika na kuondoka, idadi ya watu, na njia ya kumjibu. Mgeni akishaituma hupata papo hapo ujumbe unaomwambia kuwa tumeipokea na tutamjibu asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Kwa mtu aliyeko California, ambaye usiku wetu ni mchana wake, ujumbe huo mfupi unamzuia kwenda kuuliza kwengine wakati sisi tumelala.

Kwenye utafutaji walifanya kazi isiyoonekana lakini yenye manufaa. Kila ukurasa ulipewa kichwa chake kinachotaja Pemba, Chake Chake na huduma inayopatikana, badala ya kurasa zote kubeba jina moja. Walidai pia umiliki wa wasifu wa biashara yetu kwenye Google, ambao haulipiwi, na wakaihamisha alama ya ramani iliyokuwa imewekwa mtaa mwengine kabisa. Kipimo cha kuhesabu wageni wa tovuti nacho kilibadilishwa, kwani tovuti ya zamani ilikuwa bado imebeba ule mfumo wa Google Analytics ulioacha kupokea takwimu tarehe 1 Julai 2023. Sasa tunaweza kujua ni ukurasa upi uliomfikisha mtu kwenye kitufe cha WhatsApp, na ukurasa wa hali ya bahari ndio unaoongoza kwa mbali.

Lipo jambo moja ambalo ningependa kila mwenye biashara hapa visiwani alishikilie hata kama hatalipia huduma yoyote nyengine. Jina la tovuti yetu lilikuwa limesajiliwa na fundi wa kwanza kwa jina lake mwenyewe, na tulipotaka kuhama ilitubidi tumbembeleze na kumlipa ili aliachie. Vijana hawa walilisajili kwa jina la biashara, kwa barua pepe yetu, wakatukabidhi karatasi yenye nywila zote, tarehe ya kulipia upya na namba ya msajili. Walifanya hivyo kabla hatujamaliza kuwalipa, na uaminifu huo unastahili kutajwa.

Huduma haikukosa kasoro. Kurasa za Kiswahili zilichelewa sana kuliko za Kiingereza, kana kwamba wageni wetu wote wanatoka Ulaya, ilhali miezi ya masika nyumba hii hutegemea watumishi wanaokuja kwenye semina na familia kutoka Unguja na Dar es Salaam. Siku chache baada ya kurasa hizo kufunguliwa tulipata ujumbe wa aina hii: "Asalamu alaykum, tupo watu wanne na watoto wawili, tunakuja kwenye harusi Wete, nimeona bei kwenye tovuti, vyumba viwili vipo?" Huyo hakuuliza kingine chochote, alilipa amana siku ile ile. Ilipasa Kiswahili kitoke pamoja na Kiingereza tangu mwanzo.

Kasoro ya pili ni mafunzo. Mtoto wa ndugu yangu anayekaa mapokezi alioneshwa namna ya kubadilisha bei kwa haraka haraka mchana mmoja, na msimu ulipogeuka alikwama, ikabidi apige simu Unguja. Walimjibu vizuri, lakini maelezo ya kuandikwa yenye picha za skrini yangeondoa adha hiyo. Malipo ya kadi pia hayajaunganishwa. Mgeni bado hutuma amana kwa benki, na baadhi yao hukata tamaa hapo. Fundi alieleza mapema kuwa hilo ni kazi ya gharama nyengine, kwa hiyo silihesabu kuwa amevunja ahadi.

Gharama yenyewe haikuwa ndogo kwa nyumba ya kiasi chetu, ingawa tulilipa kwa mafungu matatu kadiri kazi ilivyokuwa ikikabidhiwa. Nikiipima kwa kamisheni tunayokatwa kila mgeni anapopitia kwa mawakala wa mtandaoni, naiona ni bei ya haki, maana wanaotuandikia moja kwa moja sasa ni wengi kuliko zamani na hufika wakijua wanakuja wapi. Nimeshakubaliana nao warudi baada ya masika kuunganisha malipo ya kadi na kuandika maelezo ya mapokezi, na safari hii mkataba unasema kila ukurasa mpya utolewe kwa lugha zote mbili kwa wakati mmoja.