Zotero kwenye tasnifu ya TEHAMA: marejeleo hunyooka pale unapoyachukua

Msimamizi akirudisha sura ya pili ya tasnifu ya mifumo ya habari, wino mwekundu mwingi huwa kwenye marejeleo. Davis wa 1989 yumo kwenye maandishi lakini hayumo kwenye orodha ya mwisho. Venkatesh na wenzake wa 2003 wameandikwa kwa namna tatu ndani ya kurasa mbili. Kuna makala ya kongamano haina jina la kongamano. Kazi hiyo ndiyo Zotero ilitengenezewa, na kwa mwanafunzi wa uzamili asiye na bajeti hatuoni ya kuishinda. Lakini wengi wanaoisakinisha bado wanarudishiwa sura zao, na kosa karibu kila mara limetokea siku makala ilipohifadhiwa, si siku ya kuandika.

Zotero ni programu huria ya bure ya kukusanya, kupanga na kuandika marejeleo, iliyoanzia Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, mwaka 2006. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Tangu toleo la 6 la mwaka 2022 ina kisomeo chake cha PDF: unapiga rangi sentensi, unaandika maoni pembeni, kisha unazihamisha zote kwenye dokezo moja zikiwa na namba za kurasa. Majina ya vitufe tutakayotaja ni ya toleo la Kiingereza.

Unasakinisha vitu viwili, na watu husahau cha pili: programu yenyewe kwenye kompyuta, na Zotero Connector, kiendelezi cha kivinjari. Ukiwa kwenye ukurasa wa makala ya IEEE Xplore au ACM, maktaba za mtandaoni za makala za uhandisi na kompyuta, kitufe cha Connector hubadilika kuwa alama ya aina ya chapisho. Kikionyesha ukurasa wa kijivu, usibofye kwa haraka: hapo tovuti haijatambuliwa, na utahifadhi "Web Page" yenye kichwa, anwani ya ukurasa na tarehe ya leo tu. PDF ya makala ya kulipia nayo kwa kawaida huja tu kama kivinjari kimeshaingia kwa akaunti ya maktaba ya chuo.

Google Scholar ndipo penye mtego mkubwa. Inakuruhusu kuchukua matokeo kumi kwa mbofyo mmoja, na inavutia kweli, ila taarifa zake ni pungufu: mara nyingi hakuna DOI (namba ya kipekee ya kuitambulisha makala) wala muhtasari, na jina la jarida linaweza kuwa limekatwa. Ukichukua nyingi mfululizo, Google huanza kukudai uthibitishe kwamba wewe si roboti, na uhifadhi unagoma. Tumia Scholar kutafuta, kisha fungua ukurasa wa mchapishaji na uhifadhi kutoka pale. Ukiwa na DOI, rahisi zaidi: bofya kile kifimbo cha kichawi juu ya orodha (Add Item by Identifier), bandika namba, gonga Enter. Kifimbo hicho pia ni kipimo kizuri cha marejeleo yaliyotoka kwenye roboti za akili unde. DOI ikikataa, au ikileta makala ya mambo mengine kabisa, anza kushuku rejea hiyo.

Baada ya kuhifadhi, tumia dakika moja kwa kila makala kutazama safu ya kulia. Kwanza aina: makala ya kongamano iwe Conference Paper, na sehemu ya Proceedings Title iwe imejazwa, ikiachwa tupu, rejea yako ya kongamano la IST-Africa itatoka kama makala iliyochapishwa hewani. Pili, majina ya waandishi. Zotero ina visanduku viwili, cha ukoo na cha kwanza. Ukiingiza taasisi kama Tume ya TEHAMA kwenye visanduku hivyo viwili, mtindo wa marejeleo wa APA utatoa "TEHAMA, T. ya", na kwenye maandishi "(TEHAMA, 2023)". Bofya kialama kidogo kando ya jina ili viwe kisanduku kimoja, na jina litoke zima.

Majina ya watu nayo yana kisa chake, na hapa Davis anafaa kuangaliwa kwa karibu. Karibu kila tasnifu ya upokeaji wa teknolojia ina makala yake mbili za 1989: ile ya MIS Quarterly, juzuu la 13, ukurasa wa 319 hadi 340, na ile aliyoandika na Bagozzi na Warshaw kwenye Management Science. Moja ikihifadhiwa kama "Fred D." na nyingine kama "F.", Zotero inaamini hao ni watu wawili, na inaanza kuweka herufi za majina ndani ya mabano: "(F. D. Davis, 1989)". Mwanafunzi huilaumu programu na kufuta herufi kwa mkono. Dawa ni kuandika jina kwa namna ileile kwenye makala zote mbili, kisha kubofya Refresh kwenye Word.

Vichwa vya makala navyo. APA inataka herufi kubwa mwanzoni tu, na Zotero haikupunguzii herufi kubwa za mchapishaji. Bofya kulia juu ya kichwa, chagua Transform Text, kisha Sentence case, halafu rudisha kwa mkono herufi za Tanzania, M-Pesa na mfano wao kama zimeshuka. Kwa mitindo inayokuza kila neno, kama Chicago, kichwa cha Kiswahili kitaharibika: "Matumizi ya simu vijijini" itakuwa "Matumizi Ya Simu Vijijini". Andika "sw" kwenye sehemu ya Language na kichwa kitaachwa kilivyo. Ni wachache wanaoijua hii.

Kwenye Word unapata kichupo cha Zotero. Kisipoonekana, ingia kwenye mipangilio ya Zotero, sehemu ya Cite, bofya kusakinisha upya programu-jalizi, kisha funga na kufungua Word. Namba ya ukurasa iandikwe ndani ya kisanduku cha rejea. Ukiichapa mwenyewe juu ya maandishi, itafutika rejea ikisasishwa. Tasnifu ikifika mamia ya rejea, kila uingizaji unaanza kusuasua: zima usasishaji wa moja kwa moja kwenye Document Preferences, na ubofye Refresh unapomaliza kipindi cha kuandika. Usifungue faili hilo kwa LibreOffice na kulihifadhi, maana rejea zinaweza kugeuka maandishi makavu. Kuna kitufe cha kuhamia programu nyingine ya uandishi, kitumie kwanza. Nakala ya kumpa msimamizi itengeneze hivi: hifadhi faili kwa jina jipya, kisha Unlink Citations (kuzikata rejea na Zotero) kwenye nakala hiyo peke yake. Ukiifanya kwenye faili asilia, hakuna kurudi.

Wanaoandika kwa LaTeX badala ya Word waongeze Better BibTeX, programu-jalizi ya Zotero. Inakupa funguo za rejea zisizobadilikabadilika, na ukichagua Keep updated faili la marejeleo la .bib linajisasisha kila unapoongeza makala.

Sasa hifadhi, ambayo ndiyo manung'uniko yetu halisi. Nafasi ya bure ya mtandaoni ni MB 300. PDF za kawaida zitaenea kwa muda, ila tasnifu chache zilizoskaniwa zitaimaliza. GB 2 ni dola 20 kwa mwaka, GB 6 ni dola 60, isiyo na kikomo ni dola 120. Kwa maktaba ya kikundi, nafasi inakatwa kwa mwenye kikundi, kwa hiyo chagueni mapema nani atabeba. Lakini taarifa za makala zenyewe, bila PDF, zinasawazishwa bure bila kikomo, na hilo linatosha watu wengi. Zima usawazishaji wa mafaili, au chagua yashushwe pale yanapohitajika tu. Vinginevyo kompyuta ya pili itakula bando lote usiku mmoja.

Kuna ujanja mmoja wa kuokoa hela ambao hatuupendekezi kabisa: kuhamishia folda ya Zotero ndani ya OneDrive au Dropbox. Faili la zotero.sqlite likinakiliwa huku linaandikwa linaharibika, na maktaba ya miaka miwili inaondoka nalo. Funga programu, nakili folda nzima ya Zotero kwenye diski ya nje, mara moja kwa wiki. Folda ndogo za ndani ya storage zina majina ya herufi na tarakimu nane yasiyoeleweka, usiyabadilishe.

Mendeley, programu nyingine ya marejeleo, inatoa GB 2 bure, zaidi ya mara sita ya Zotero, na kwa mwenye PDF nyingi hilo si dogo. Tatizo ni nani ameshika mpini: Elsevier, walioinunua mwaka 2013, waliondoa programu zake za simu mwaka 2021, na Septemba 2022 wakasitisha upakuaji wa toleo la zamani la kompyuta ambalo watu walikuwa wamelizoea. EndNote, mshindani mwingine, ni ya kulipia. Kama chuo chako kinailipia na msimamizi wako anaitumia, tumia hiyo mshirikiane bila vurugu.

Mtindo wa chuo chako nao uthibitishe kabla ya kuandika sura ya kwanza. "Harvard" ndani ya Zotero ni mingi, na inatofautiana kwa mabano, kwa "na" au "&", na kwa mahali mwaka unapokaa. Chukua ukurasa wa marejeleo wa tasnifu iliyopitishwa idarani mwaka jana, ingiza makala tatu zilezile, na ujaribu mitindo hadi mmoja ulingane nukta kwa nukta.