M35A2, lori kuukuu la jeshi la Marekani: je, unaweza kwenda nalo kazini kila siku?

Haya wadau, karibuni tena. Leo sina Toyota wala Subaru. Chuma hiki kilicho nyuma yangu ni M35A2, lori la jeshi la Marekani, ekseli tatu na zote zinavuta, tairi kumi chini. Jeshi lililipangia mzigo wa tani 2.5 porini, na barabarani linaruhusiwa mpaka tani 5. Ukoo wake umeanzia kwa kampuni ya REO ya Lansing, Michigan, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Vietnam lilipiga kazi mpaka basi. Huku Texas ukienda mashambani hukosi kuliona moja limeegeshwa kando ya banda la ng'ombe.

Swali mnaloniuliza sana ni kama mtu anaweza kulinunua akalifanya gari la nyumbani. Anaweza. Ila sikilizeni vizuri: hela yako ya kwanza iende kwenye breki, ya pili kwenye tairi, na rangi ije mwisho kabisa. Najua wengi mnaanza na rangi.

Twende nayo breki. Ukikanyaga pedali, unasukuma mafuta ya breki, halafu upepo wa kompresa unakuja kuongeza nguvu kupitia kifaa kilichofungwa hapa chini ya chesi. Mpaka hapo sawa. Shida ni kwamba masta silinda ni ya njia moja. Paipu moja ikipasuka, hata ya tairi la nyuma kabisa, pedali inazama mpaka chini na magurudumu yote yanakosa breki kwa pamoja. Lori lenyewe tupu linakaribia tani 6. Inabaki hendibreki, nayo haishiki magurudumu moja kwa moja, inashika shafti inayotoka kwenye gia boksi ndogo. Ni ya kuegeshea hiyo, usiitegemee kusimamisha gari kwenye mteremko. Kwa hiyo ukilileta nyumbani, badilisha paipu zote za mpira, fungua ngoma uone silinda za magurudumu, na kama mfuko unaruhusu funga masta silinda ya njia mbili. Na mafuta ya breki: jeshi lilihamia kwenye yale ya silikoni, DOT 5. Usichanganye na DOT 3 ya dukani eti kwa sababu yote ni mafuta ya breki.

Sogea na kamera hapa kwenye dashibodi. Mnaona? Hakuna funguo. Unazungusha swichi hii, na papo hapo king'ora kinaanza kulia kukuambia upepo haujatosha. Bonyeza stata... sikia hiyo filimbi, ni tabo hiyo. Sasa tulia. Usiondoke. Angalia mshale wa upepo ukipanda, ukipita 60 king'ora kinanyamaza, ndipo uguse gia. Kuzima huzimi kwa swichi, unavuta kitasa hiki kinachokata mafuta. Na kwa kuwa halina funguo, wenye nayo wanapitisha mnyororo na kufuli kwenye usukani. Taa nazo usizivamie, swichi yake ina kidole cha kufungulia kwanza, askari asije akawasha usiku kwa bahati mbaya. Indiketa hazirudi zenyewe, kwa hiyo kumbuka kuzizima, la sivyo nyuma yako watu watakutukana.

Injini ni silinda sita, lita 7.8, iliyotengenezwa kunywa karibu kila kitu: dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege. Ndiyo maana mitandaoni mtamwona mtu anamwagia oili chafu kwenye tangi anacheka. Mimi sishauri. Unachookoa kwenye wese unakilipa kwenye filta na nozeli. Na usiruhusu fundi aongeze mafuta kwenye pampu ili gari lipate nguvu kabla hujafunga geji ya joto la moshi, kwa sababu gasketi ya silinda hedi ndiyo ugonjwa wa injini hizi. Unapokwenda kukagua, chomoa dipstiki: oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, mshukuru muuzaji uondoke. Kisha lala chini uangalie mipira ya viungo vya ekseli ya mbele. Ikiwa imechanika, grisi imetapakaa kwenye rimu, punguza bei.

Mwendo? Kibati cha dashibodi kinasema maili 56 kwa saa, yaani kilomita 90. Barabara kuu huku watu wanakwenda maili 70 na zaidi, kwa hiyo utakaa kulia na utakuwa na mkia wa magari. Watu wanafunga tairi pana moja moja, 395/85R20, zinabaki sita badala ya kumi, gari linainuka na mwendo unaongezeka kidogo. Lakini usukani hauna pawa, na tairi hizo zinaufanya mzito zaidi. Kuegesha dukani ni mazoezi ya mabega. Wengine wanakata ekseli moja ya nyuma na kufupisha chesi. Linapendeza, linageuka vizuri, ila breki zinabadilika tabia na linarukaruka likiwa tupu. Kazi hiyo ni ya fundi anayejua kuchomelea chesi, siyo ya jirani mwenye mashine.

Mikanda ya usalama halikuja nayo, funga. Umeme ni wa volti 24, kwa hiyo tafuta kibadilishio cha volti 12 cha kuchajia simu. Viti... mama watoto alipanda mara ya kwanza, akaomba mto.

Karatasi: ukinunua kwenye mnada wa serikali, dai fomu SF-97, ndiyo inayokupatia hati ya gari. Majimbo hayafanani, ulizia kwanza kwenu kama yanasajiliwa. Uzito wake uko chini ya pauni 26,001, pale leseni ya malori makubwa inapoanzia, kwa hiyo kwa matumizi binafsi leseni ya kawaida inatosha sehemu nyingi.

Mlioko Kenya, kwa njia ya kawaida sahauni: magari ya mtumba yakizidi miaka 8 hayaingii, na hili usukani uko kushoto.

Kama unaishi mji mdogo, una shamba na spana, lichukue. Kama kazini ni saa nzima ya barabara kuu, tafuta M35A3, toleo la baadaye la lori hilihili, lenye injini ya Caterpillar, gia otomatiki na usukani wa pawa. Maswali wekeni chini. La wese najua linakuja: kilomita tatu mpaka nne kwa lita, na tangi ni lita 190.